Jicho la Ndama kwenye Pikipiki ya Mikate

Mtaani walimwita Saa Kumi, na wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kumwona uso. Walichokijua ni sauti: pikipiki ikikohoa mara tatu uani, ikishika, ikitoka langoni na kumezwa na giza la alfajiri. Mwenye usingizi mwepesi aligeukia upande wa pili akasema, "Saa Kumi huyo," kisha akaendelea kukoroma. Alikuwa saa yao ya ukutani, na saa ya ukutani haiulizwi imeamkaje.

Alikuwa msambaza mikate. Kwa miaka kumi na minne alipakia makreti sita kwenye keria ya nyuma, akayafunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akayapeleka kwenye maduka ya ng'ambo ya daraja kabla wenye maduka hawajafungua. Kila duka lilikuwa na sanduku la mbao mlangoni. Alitia mikate, akachukua kreti tupu la jana, akaondoka. Yeye na wenye maduka walijuana kwa makreti.

Watu walipokuwa wanatoka kwenda kazini, yeye alikuwa anavuta pazia alale. Kilichombembeleza ni cherehani ya jirani wa chumba cha pili, mama mmoja fundi wa nguo, ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wamepakana miaka minne. Maneno yote waliyowahi kusemezana yangeenea kwenye kisoda cha chupa.

Mke alikuwa naye, msije mkadhani ni mseja. Mkewe alikwenda kwa binti yao kulea mjukuu, akaaga kwa wiki sita. Sasa mjukuu alikuwa anakimbia, ana meno ya kutosha kumng'ata mtu na maneno ya kumtukana, na mdogo wake alikuwa ameshazaliwa. Zile wiki sita zilikuwa zimeingia mwaka wa tatu. Hakukuwa na ugomvi. Mke alipiga simu kila jioni, na simu yenyewe ilikuwa kama sala, haibadiliki neno.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Haya. Habari ya huko?"

"Hakuna jipya."

Basi katika maisha hayo, mtu pekee aliyekuwa macho pamoja na Saa Kumi alikuwa hana uso wala jina. Alikuwa taa.

Baada ya maghala barabara ilinyooka kama uzi mpaka darajani, bila nguzo hata moja ya umeme. Kila alfajiri, Saa Kumi alipokuwa ameshika uzi huo kutoka upande huu, taa moja ya pikipiki ilitokea upande ule. Ilikuwa imeinama kidogo kushoto, inamulika majani kuliko lami, kwa hiyo akaipa jina Kengeza. Walipokaribiana, Kengeza alipiga fulu, ule mwanga mkubwa wa taa, mara mbili. Saa Kumi naye alijibu mara mbili. Wakapishana, upepo wa mmoja ukampiga mwenzake kifuani, basi. Hii ilikuwa imekwenda mwaka mzima na zaidi. Siku za Jumapili, ambapo kiwanda cha mikate kilifungwa, Saa Kumi aliamka saa ile ile, akakaa kitandani akijiuliza kama Kengeza naye hupumzika Jumapili.

Sasa, Jumatatu moja Kengeza akapita bila salamu.

Saa Kumi alipiga fulu mara mbili, akangoja. Taa ile iliyoinama ikaja, ikapita, kimya. Akajisemea, labda amechoka. Jumanne ikawa vilevile. Jumatano akapiga mara nne, kama mtu anayebisha hodi nyumba anayojua wenyewe wamo. Kimya.

Siku hiyo hakulala. Aliiegesha pikipiki uani, akachuchumaa mbele yake, akaitazama taa kama mganga anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Kioo kilikuwa kimepauka, kina ukungu wa manjano kama jicho lenye mtoto wa jicho. Ndani, bakuli la kurudisha mwanga lilikuwa limechubuka rangi yake ya fedha. Akaweka kiganja mbele ya taa na kuiwasha. Hata mistari ya mkono haikuonekana sawasawa.

"Kumbe haninunii," akasema kwa sauti, ingawa uani hakukuwa na mtu. "Hanioni."

Hapo ndipo wazo la projekta, taa ya kisasa yenye jicho la kioo, lilipomwingia. Alikwenda kwa muuza spea, kijana mwenye mdomo usio na breki. Akaonyeshwa kidude kama kikombe, mbele yake kimevimba kioo cha mviringo, cheusi na cha maji, mfano wa jicho la ndama.

"Mzee wangu, hii ukiwasha hata mbu anatafuta miwani," muuza spea alisema. "Ndani kuna kijibati kinakata mwanga. Chini mweupe pe, juu giza, kama umepiga rula. Ukipiga fulu kijibati kinalala, mwanga unakwenda mpaka kwa wakwe."

"Itaonekana toka mbali?"

"Kuonekana? Mzee, taa ni ya kuona. Wewe unataka kuona au kuonekana?"

Saa Kumi akafikiri. "Kuonekana," akasema.

Muuza spea akacheka mpaka akashika kaunta. Alidhani ametaniwa.

Kazi ya kuifungua taa ya zamani ilikuwa na mtihani wake. Kioo kilikuwa kimegandishwa kwenye kasha kwa gundi nyeusi, na gundi hiyo hailegei ila kwa joto la pande zote kwa pamoja. Ukiichokoa ikiwa baridi, unapasua kioo. Panapohitajika joto la namna hiyo, mtu wa mikate hafikirii mara mbili. Alhamisi, oveni ilipokuwa inapoa baada ya mkupuo wa mwisho, alimwendea mwokaji mkuu, mama mnene mwenye sauti nene zaidi, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Hamira.

"Unataka kuoka nini?"

"Taa."

"Taa." Mama Hamira akamgeukia mpakiaji makreti. "Umesikia? Mwenzetu siku zote hasemi, leo amefungua mdomo, na hayo ndiyo yaliyotoka."

"Dakika kumi tu, Mama. Nimeifunga kwenye kitambaa safi."

"Dakika kumi. Na mikate yangu ikinuka plastiki kesho, hiyo taa utaila wewe, na kitambaa chake."

Iliiva vizuri. Akaikimbiza nyumbani ikiwa ya moto bado, akaingiza bisibisi bapa kwenye ufa, akazunguka nayo polepole, gundi ikivutika nyuzi nyuzi, mpaka kioo kikatoka kwa mlio kama wa busu. Ijumaa na Jumamosi hakulala zaidi ya saa tatu kwa siku, na alfajiri zote mbili alipeleka mikate kwa tochi iliyofungwa kwenye usukani. Alilikata bakuli katikati kwa msumeno wa chuma, akalipiga tupa, akalijaribisha jicho, likakataa, akapiga tupa tena. Alilikaza kwa skrubu tatu na kuziba kwa gundi ya vichupa viwili. Akaunganisha waya, mweusi wa bodi, wa dimu na wa fulu, akafunga rilei ili swichi kuukuu isiungue. Kioo cha nje alikisugua kwa msasa wa maji na dawa ya meno mpaka kikawa cheupe. Wakati wote huo alikuwa anaongea kidogo kidogo, "Njoo hapa. Tulia. Hivyohivyo," na cherehani ya upande wa pili ilikuwa ikisimama kidogo, kama inayosikiliza, kisha inaendelea.

Jumapili alifika pale pa kupima. Taa yenye ncha kali namna hiyo ni lazima uilenge, ule mstari wa mwanga usipande usawa wa macho ya anayekuja. Aliiingiza pikipiki chumbani, akavuta pazia, akawasha. Mstari ukajichora ukutani, mnyoofu, mweupe chini na mweusi juu. Alitabasamu peke yake kama mtu aliyepokea barua. Kisha akaweka alama kwa kipande cha mkaa, akalegeza skrubu, akashusha taa, akasogea nyuma kutazama, akarudi, akapandisha. Hakuwa na wa kumwambia "hapo hapo, usiguse," basi alifanya kazi ya watu wawili, mara pikipiki, mara ukuta. Jioni mstari ulikaa chini ya alama vidole vinne, kama muuza spea alivyoelekeza.

"Habari ya huko?" mkewe aliuliza.

"Hakuna jipya," akasema, akiwa ameshika bisibisi.

Jumatatu alfajiri barabara ya maghala ilimfunukia kama hajawahi kuipita. Aliona kokoto. Aliona bango la maghala ambalo kwa miaka kumi na minne alijua ni bango tu, kumbe limeandikwa kitu. Na kule mbele ikatokea taa iliyoinama kushoto. Kabla yeye hajagusa swichi, Kengeza alipiga fulu. Mara mbili, tatu, nne, tano!

Moyo wa Saa Kumi ukafurika. Ameniona, akajisemea, na kufurahi amefurahi. Akamjibu kwa fulu lote la jicho la ndama, mara tano, bila uchoyo.

Jumanne Kengeza alianza kupiga fulu toka mbali kabisa, mfululizo, na safari hii akaongeza honi ndefu. Saa Kumi naye akapiga honi. Wakapishana. Kwenye kioo cha pembeni aliona taa nyekundu ya mwenzake ikiyumba, ikazimika. Akadhani amekata kona ya maghala.

Jumatano hakuja.

Kwa kuwa sasa alikuwa na taa ya kuona, Saa Kumi aliona. Karibu na daraja palikuwa na mburuzo mweusi wa tairi ukitoka lamini kuingia majanini, na ukingoni mwa mtaro kitu kikameta. Akasimama, akainama. Ni kipande cha kioo cha pembeni cha pikipiki. Akakitazama, na uso uliomtazama humo ulikuwa wake, nusu yake. Alikitia mfukoni. Siku ile aliyapita maduka mawili bila kuacha mikate, ikambidi arudi.

Alhamisi alikuwa uani mwa kiwanda, injini inanguruma, taa inawaka kuelekea ukuta mweupe wa bohari ya unga, mpakiaji akipanga makreti nyuma. Mama Hamira alitoka kupunga upepo, akasimama mbele ya ukuta huo.

"We Saa Kumi," akasema, "mbona taa yako inanipanda kama maji ya mafuriko?"

"Inakupandaje?"

"Sasa hivi ilikuwa magotini. Ona, imefika kiunoni."

Saa Kumi akageuka. Mpakiaji akaweka kreti la nne, nyuma ya pikipiki ikashuka, pua ikainuka, na ule mstari mnyoofu ukapanda kidole kizima. Kreti la tano, kifuani. La sita, naye Saa Kumi akakaa kwenye kiti, na Mama Hamira akafunika macho kwa mikono yote miwili.

"Toa! Toa hiyo laana! Unataka kunipofusha na mimi?"

Ile "na mimi" ilimwingia kama mwiba, ingawa mama wa watu hakujua alichokisema. Makreti sita yana uzito wa mtu mzima. Kule chumbani alikuwa ameipima pikipiki ikiwa tupu, haina mkate, haina hata mpanda. Zile fulu tano hazikuwa furaha. Mtu alikuwa anamwomba.

Siku hiyo aliendesha safari nzima akiwa amefunga kitambaa juu ya taa, polepole kama msiba.

Mchana alikaa ukingoni mwa kitanda, kipande cha kioo kiganjani. Kutengeneza upya kulihitaji mzigo nyuma, mtu juu ya kiti, na mwingine ukutani. Alitazama ukuta ambao nyuma yake cherehani ilikuwa inanguruma. Aliinuka, akaketi, akainuka tena. Hatimaye akaenda kusimama kwenye mlango wa jirani, kofia mkononi.

"Hodi, fundi."

"Karibu. Heh!" Jirani alivua miwani. "Kumbe mchana unakuwepo."

"Samahani, dada yangu. Nina shida ndogo ya mstari."

"Mstari? Umefika penyewe. Mistari ndiyo kazi yangu."

Magharibi ilipoingia walikuwa uani. Alifunga madumu matatu ya maji kwenye keria, badala ya mikate, akapanda kitini. Fundi alipima kwa tepu yake kimo cha taa toka ardhini, akaenda hatua kumi mpaka ukuta wa uzio, akatoa chaki ya nguo, akavuta mstari vidole vinne chini ya kimo hicho. Hakutumia rula.

"Shusha," akasema. "Shusha. Mbona unaogopa? Shusha kabisa. Hapo! Hapo hapo, usiguse."

Saa Kumi alibaki ameshika bisibisi, hakuikaza mara moja.

"Nini?" fundi aliuliza.

"Hakuna. Nakaza sasa hivi."

"Wewe huongea na pikipiki sana," fundi alisema akijifuta chaki. "Wiki iliyopita nilisema, leo ana mgeni. Nikasikiliza, mgeni hajibu." Akacheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa na nguo ya mteja ya kumalizia, akarudi ndani.

Taa ikawa sawa, lakini barabara ilikuwa tupu. Ijumaa tupu. Jumamosi tupu. Wiki nyingine ikaanza, na kila alipofika mwanzo wa uzi ule wa lami alipunguza mwendo, akashusha mwanga, akatazama mbele mpaka macho yakamtoka machozi ya upepo. Hakujua amuulize nani. Utaulizaje, "Mmeona taa iliyoinama?" Mtu mzima asingeweza kuingia hospitali akatafute mgonjwa asiyemjua jina, uso, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Kipande cha kioo kilikuwa kimetoboa mfuko wa koti.

Jumatano ya wiki hiyo, taa ilitokea ng'ambo ya daraja. Ilikuwa imeinama, lakini kulia.

Saa Kumi alisita. Kisha akavuta pembeni, akasimama, akazima taa kabisa, injini nayo. Akabaki gizani na makreti yake, mkono mmoja juu.

Pikipiki ile ilikuja ikipungua, ikapita kidogo, ikasimama. Mwenyewe hakuvua helmeti.

"Wewe ndiye mwenye jua?" Sauti ya mwanamume, ya makamo, ya mtu aliyekesha.

"Ni mimi. Ulianguka?"

"Nililala mtaroni kama gunia. Goti, na kioo, na taa ikageuka shingo."

Saa Kumi alitoa kile kipande mfukoni, akamnyooshea. Mwenzake akakipokea, akakigeuzageuza.

"Nisamehe, ndugu yangu. Taa niliilenga pikipiki ikiwa tupu. Mikate ikaiinua."

"Tupu?"

"Tupu."

Mabega ya yule mtu yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Mimi nimekaa nyumbani siku nane nakutukana," akasema, "tena namtukana mtu mwingine kabisa! Nilijua yule mzee wa taa ya njano amekufa, wakamweka kijana asiye na adabu. Nilikuombea, wallahi. Nilisema, maskini, hata nilipompungia mara ya mwisho hakuniona."

"Kunipungia lini?"

"Siku zile tatu. Swichi yangu ya fulu ilikatika. Nikawa nakupungia mkono. Nakupungia, nakupungia, wewe hunioni."

"Nilidhani wewe ndiye hunioni. Taa yangu ilikuwa mbovu."

"Mbovu? Ile ilikuwa inatetemeka. Toka kule juu ya daraja naiona inatetemeka, najua ni wewe. Nikitoka lindo, mimi hiyo ndiyo asubuhi yangu."

Mmoja alikuwa na mikate inayongojewa, mwingine na usingizi. Waliwasha. Saa Kumi alikuwa ameshafika darajani alipokumbuka kwamba hakumuuliza jina, na kwamba uso wake bado haujui. Kwenye kioo cha pembeni, nyuma kabisa, taa nyekundu ikawaka na kuzimika, mara mbili.

Jioni simu ililia.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Haya. Habari ya huko?"

Saa Kumi akafungua mdomo kusema lile neno lake la siku zote, likagoma.

"Wewe, upo?" mkewe aliuliza.

"Nipo. Kuna mtu alidhani nimekufa."

"Astaghafiru! Mtu gani?"

"Simjui. Akaniombea."

Upande wa pili mtoto alikuwa analia, mwingine anagonga sufuria. Mkewe hakuwanyamazisha.

"Sasa," akasema taratibu, "ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nipo."